Siku saba juu ya dungu: kuwinda wapiti milima ya Sapphire, Montana

Watu wa hapa humwita elki, mnyama mkubwa mfano wa kulungu, mwenye pembe za matawi. Washawnee, wenyeji wa Marekani tangu kale, walimwita wapiti, yaani mwenye makalio meupe. Mimi nimelishika hili la pili kwa sababu sikio langu linalisikia kama neno letu, kama kwamba limetoka kwenye kupita. Na ndivyo alivyo. Dume la kilo 300 na ushee, pembe zake pana kuliko mlango wa nyumba, linakatiza katikati ya misonobari usisikie hata kijiti kikivunjika. Anayemwinda kwa upinde kutoka juu ya mti hamfuati. Anakaa pale atakapopita, akiomba upepo usimchongee.

Niko Missoula tangu 2017. Ukikaa Montana siku 180 mfululizo unahesabiwa mkazi, na leseni ya mkazi haifanani kabisa kwa bei na ya mgeni. Kwa kuwa nimezaliwa baada ya 1 Januari 1985, ilinibidi kusoma kozi ya wawindaji, halafu nyingine ya upinde, zote jioni baada ya kazi. Miaka miwili nimekwenda na kurudi mikono mitupu. Huu ni mwaka wa tatu. Nimepewa likizo ya wiki moja, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekubali kunisindikiza. Yeye hajamaliza kozi, kwa hiyo hashiki upinde. Amekuja kubeba mizigo, kupika, na kuniambia ukweli nikianza kukata tamaa.

Jumamosi, 16 Septemba

Tumetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, barabara ya 93 kuelekea kusini. Kulia kwetu milima ya Bitterroot, mikali, yenye ncha. Kushoto Sapphire, ya mviringo, imevaa msitu mpaka utosini. Hamilton tumejaza mafuta tukakunja mashariki. Jina la kijito silitaji. Mzee mmoja wa Stevensville, niliyefanya naye kazi kabla hajastaafu, ndiye aliyenionyesha mahali kwenye ramani, na aliniomba jambo hilo moja tu.

Gari tumeliacha penye mwisho wa barabara ya vumbi, tukapanda kwa miguu kilomita 4. Shemeji kabeba hema na chakula. Mimi nimebeba dungu la aluminiamu, ngazi nne fupi za kufunga kwenye shina kwa mikanda, na upinde wangu wa roda. Dungu nimeazimwa na yule mzee. Naliita dungu kwa sababu sioni tofauti. Nikiwa mtoto kule Fizi, Kongo, nililinda mpunga juu ya dungu la miti, kombeo mkononi, nikifukuza ndege tangu kunapambazuka. Hili nalo ni mahali pa kukaa juu na kungoja, ila huku unangoja waje, usiwafukuze.

Dimbwi tulilikuta saa sita. Ni dogo, kiasi cha mikeka miwili, tope jeusi lenye harufu kali ya mkojo. Madume msimu huu wa kupandana hukojoa humo, wakagaagaa, wakatoka wamepakaa hiyo harufu mwili mzima kama manukato. Nywele ndefu za shingo zilikuwa zimenata kando. Hatua kumi kutoka hapo msonobari mchanga umechunwa gome kwa pembe, utomvu bado unatiririka. Nilipoushika ulininata vidoleni. Shemeji akanusa, akasema, "Huyu hana hata siku mbili."

Kuchagua mti kumetuchukua saa nzima. Babu mzaa mama alikuwa mwindaji, na alitembea na kifuko cha majivu kiunoni. Kila baada ya hatua kadhaa alikitikisa aone majivu yanakwenda wapi. Mimi nina kopo dogo la poda, kazi ni ile ile. Milimani upepo una tabia mbili. Jioni hewa inapoa, inakuwa nzito, inatelemka bondeni kama maji. Asubuhi inaendelea kutelemka mpaka jua ligonge mteremko, halafu inageuka na kupanda. Kwa hiyo tumechagua msonobari ulio chini ya dimbwi, mita 20 hivi, ili harufu yangu ishuke mbali na wanyama. Jioni nzima ni salama. Asubuhi ni salama mpaka jua lifike pale.

Msitu ni wa taifa, huruhusiwi kupigilia misumari kwenye mti wala kuacha dungu la kudumu. Tumefunga kila kitu kwa mikanda, mita 6 kwenda juu. Yule mzee alinifundisha jambo ambalo nalishika kama sala: wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka, au wanapovuka kutoka ngazini kuingia dunguni. Kwa hiyo mkanda wa mwili unafungwa kwenye kamba ya mtini tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi mpaka unaporudi ardhini. Upinde haupandi mkononi. Unauvuta kwa kamba ukishakaa.

Chakula chote tumekitundika mtini mbali na hema. Dubu weusi wamejaa, na miaka ya karibuni hata grizli, dubu wakubwa wa kahawia, wameonekana upande huu. Kopo la pilipili ya kumpulizia dubu halitoki kiunoni.

Jumapili, 17 Septemba

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa tayari juu. Sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na jua hapa sasa linatoka saa moja na robo. Baridi imeingia kwenye vidole vya miguu ikakaa. Hakuna kilichokuja ila kindi mwekundu aliyenitukana kutoka tawi la jirani karibu saa nzima. Nimeshuka saa tatu kasoro.

Jioni nimesikia dume la kwanza. Asiyewahi kuusikia mlio huu hawezi kuukisia kwa kumtazama mnyama. Unaanza chini kifuani, unapanda, unapanda, unakuwa mluzi mwembamba kama filimbi, unakaa pale juu, kisha unakatika kwa kukoroma mara tatu. Mnyama mkubwa hivyo, sauti nyembamba hivyo. Alikuwa ng'ambo ya bonde, na hakuvuka.

Jumatatu, 18 Septemba

Leo nimekosea, na kosa ni langu mwenyewe.

Saa mbili na nusu jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye mteremko wa juu. Nilijua muda wangu unakwisha. Ndipo nikasikia sauti kama ya paka, nyembamba, mara mbili. Hivyo ndivyo majike wanavyoitana. Nikajiambia dakika kumi tu. Jike kiongozi alitokea mita 40, mkubwa, shingo ya kahawia iliyokolea, masikio yanazunguka kila moja kwa wakati wake. Nyuma yake niliona miguu mingine, wanne au watano. Walikuwa wanakuja moja kwa moja dimbwini. Nikashika upinde.

Halafu nikahisi ubaridi ukihama kutoka usoni kuja kisogoni. Kitu kidogo tu, kama mtu kapumua nyuma ya shingo. Yule jike akasimama, mguu mmoja juu. Hakunitazama, maana pua ilishamtosha. Akabweka mara moja, sauti kali ya kukata, na msitu mzima ukasikika ukivunjika kuelekea juu. Dakika moja baadaye palikuwa kimya kama hapajawahi kupita kitu.

Nilikaa dunguni nusu saa nyingine mikono ikitetemeka. Si kwamba sikujua. Nilijua, nikaomba nisamehewe dakika kumi. Upepo hausamehe. Babu angenivuta sikio.

Shemeji alinipa chai, akanyamaza mpaka nilipomaliza kikombe. Kisha akasema, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, shemeji. Kesho utarudi kugaagaa."

Jumanne, 19 Septemba

Mvua tangu usiku, na saa nne ikawa theluji laini isiyoshika. Tumeshinda hemani.

Tulizungumza juu ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ambako sote wawili tulikulia. Kule mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Msitu tuliuona kila siku na tuliuogopa kila siku, kwa sababu hata kuni zilikuwa kosa. Mama yangu alipigwa mara mbili kwa mzigo wa kuni. Shemeji ndiye aliyeanza kuhesabu: kutoka gari lilipo mpaka hema hili ni kilomita 4. Tukatazamana. Nimeitoa leseni kwenye mfuko wa plastiki nikaisoma tena mbele yake, jina langu na mwaka. Karatasi hii inasema nina haki ya kuwa hapa nilipo, gizani, na silaha mkononi. Sijui nimweleze vipi mtu aliyezaliwa na haki hiyo jinsi ninavyoilinda isilowe.

Ila nchi hii nayo ina waliotolewa kwake. Bonde lile tulilopita Jumamosi, lenye mashamba ya nyasi na nyumba nzuri, lilikuwa la Wasalish, wenyeji wake wa kale. Mkataba wao na serikali, ule wa Hellgate wa 1855, uliacha suala lao likining'inia. Chifu Victor, na baada yake mwanawe Charlo, wakakataa kuhama zaidi ya miaka thelathini, mpaka Oktoba 1891 watu wa Charlo walipoondoshwa kwenda kaskazini, kwenye eneo walilotengewa la Flathead. Wapiti tunaowangoja sisi, waliwajua wao kwa vizazi ambavyo hakuna awezaye kuvihesabu. Nilimwambia shemeji, akauliza walitembea siku ngapi. Sikuweza kumjibu, tukabaki tunasikiliza theluji ikigonga hema.

Jumatano, 20 Septemba

Kumekucha kweupe, baridi, hewa imeoshwa. Siku kama hii ndiyo hasa wawindaji wa hapa huiomba, maana usiku na mchana unapokaribia kulingana madume wanachachamaa. Yamelia tangu alfajiri, matatu tofauti. Asubuhi nimeshuka saa mbili na robo, jua likiwa bado mbali, ingawa mlio mmoja ulikuwa karibu na mwili wote ulitaka kubaki. Nimeshuka.

Jioni nilipanda saa tisa. Saa moja kasoro nilisikia matawi yakikwaruzwa, kisha pembe. Pembe zilitangulia, zikiinama na kuinuka kupita katikati ya miti. Dume. Ncha sita kila upande, nyeupe mwishoni kama zimesuguliwa kwa mchanga. Aliingia dimbwini bila kusita, akapiga tope kwa mguu wa mbele mara nne, tano, maji meusi yakarukia tumboni kwake. Akainamisha kichwa akalima tope kwa pembe. Kisha magoti yakakunjika, akalala ubavu na kugaagaa, miguu ikipiga hewa. Alipoinuka alikuwa mweusi nusu, mvuke unamtoka mgongoni, tope linadondoka kwenye ndevu za shingo tone kwa tone. Nilisikia kila tone.

Mita 19 kwa kipima umbali. Nilikuwa nimeshavuta upinde.

Alikuwa amenielekea kifua. Mshale wa mbele hivyo unakutana na mfupa, mnyama anakwenda kufia usikojua, baada ya siku mbili, akiwa peke yake. Nilingoja ageuke. Mikono ilianza kuwaka. Alinyanyua kichwa akalia, pale pale chini yangu. Ule mluzi sikuusikia kwa masikio tu, ulipita kwenye ubao wa dungu ukanipanda miguuni. Ng'ambo akajibiwa. Akazungusha kichwa kwanza, mwili ukafuata, akaondoka kwa hatua ndefu akiweka mti kati yake na mimi kila mara. Nikaurudisha upinde taratibu. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuwa na huzuni hata kidogo.

Nimefika hemani gizani. "Umekosa?" shemeji akauliza. Nikamwambia sikupiga. Akanitazama kwa taa ya kichwani, akasema, "Vizuri, shemeji," akanipa ugali.

Alhamisi, 21 Septemba

Saa moja na nusu, mwanga wa kijivu, hewa inatelemka vizuri: poda ilishuka chini ya mti kama uzi. Walikuja majike watatu bila sauti. Wa kwanza alikuwa na ndama wake wa mwaka huu, nikamwacha. Wa pili alijificha nyuma ya wa kwanza. Wa tatu alikuwa peke yake, mnene, mgongo sawa. Akasimama ubavu wazi, mita 22, akapeleka mguu wa mbele hatua moja mbele kunywa maji. Mguu ukienda mbele, mbavu za nyuma ya bega zinafunguka.

Sikumbuki kuachia. Nakumbuka sauti ya mshale ukigonga tope upande wa pili, na yule jike kuruka kama aliyechomwa na nyuki, kukimbia, kusimama, kutazama nyuma. Kisha miti ikamficha, na nikasikia kishindo.

Unatakiwa kungoja nusu saa kwa uchache, hata ukiwa na hakika. Ukimfuata mapema na bado ana uhai, atainuka na kwenda mbali. Nilitazama saa ya mkononi kila dakika. Niliposhuka nikauchukua mshale: damu nyekundu ya mwangaza yenye mapovu madogo. Mapafu. Nilimkuta mita 70 hivi, amelala upande wa kulia, jicho wazi, majani ya msonobari yamemgandia puani. Nilipiga magoti. Nilimwambia asante kwa Kibembe, lugha ambayo babu angeitumia, kisha nikamshukuru Mungu. Nikakata tarehe kwenye lebo ya leseni kabla ya kugusa kisu kingine chochote.

Shemeji alikuja na mifuko ya nguo. Tumemchuna bila kufungua tumbo: unaanza mgongoni, unatoa mguu wa mbele, wa nyuma, sarara, nyama ya shingo, unamgeuza, unarudia. Sarara moja ilikuwa ndefu kama mkono wangu mpaka begani. Maini na moyo tumevitoa mwisho kwa mkato mdogo. Ngozi ilikuwa ya joto hata baada ya saa nzima, na mikono yetu iliyokufa ganzi tuliipumzisha humo. Jike naye ana yale meno mawili ya juu ya mviringo, kama pembe za ndovu ndogo. Wanawake wa Wacrow, kabila jingine la wenyeji, walishona mamia ya meno hayo kwenye magauni yao. Nimeyafunga kwenye kitambaa kwa ajili ya binti yangu.

Nyama tumeitundika juu, mbali na mabaki, upande wa kivuli. Kisha safari ya kwanza kwenda garini, kila mtu na mguu wa nyuma mmoja kwenye shanta. Kilomita 4 hizo, kushuka, magoti yanazijua.

Ijumaa, 22 Septemba

Tumelikaribia lile eneo la nyama tukiimba kwa sauti, ili kama kuna dubu ajue tunakuja. Hakuwapo, ila kunguru walikuwa wameshajaa kwenye mabaki. Tumefungua dungu na ngazi. Nilipitisha kiganja kwenye shina kutafuta alama, nikakuta gome limebonyea kidogo tu pale mikanda ilipokaa. Safari mbili tena kwenda garini. Saa kumi jioni tukawasha gari.

Stevensville tumempelekea mzee sarara nusu na dungu lake. Aliuliza kama nilipiga dume. Nilipomwambia niliyemwacha Jumatano, akanishika bega, hakusema kitu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshaweka sombe, majani ya muhogo, jikoni. Maini tumeyakaanga kwa kitunguu usiku ule ule, na majirani wa pale jengoni wameondoka kila mmoja na mfuko. Mama ni mzee sasa, hula kidogo. Alichukua kipande, akatafuna taratibu huku ametazama dirishani, akameza. Akasogeza sahani pembeni.

"Baba," akaniambia, hivyo ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Nikavuta kiti karibu. Nikaweka kikombe mezani kuwa dimbwi, kijiko kuwa mteremko, chumvi kuwa mti wangu, nikaanza kumwonyesha tangu Jumamosi.